Mpini wa jambia na hesabu ya kipusa

Bei ya jambia nchini Yemen haipangwi na makali yake. Hupangwa na mpini. Kwa miaka mingi mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa kipusa, yaani pembe ya kifaru, ambayo ikishikwashikwa hung'aa na kupitisha mwanga kama kaharabu. Wenyewe huuita saifani.

Kabla ya mapinduzi ya 1962 mipini hiyo ilikuwa ya wakubwa. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Wayemeni kwa mamia ya maelfu walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, fedha zikamiminika nyumbani, na watu wa kawaida wakamudu kipusa. Yemen Kaskazini ikawa moja ya masoko makubwa ya bidhaa hiyo duniani. Mafundi wa Sanaa hawakutupa hata chenga, kwani ziliuzwa Mashariki ya Mbali kwa watengenezaji wa dawa.

Mzigo mwingi ulitoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Katika Afrika nzima idadi ilishuka kutoka takriban 65,000 hadi 2,400 hivi katikati ya miaka ya 1990. Kwa lugha ya biashara, hiyo haikuwa faida. Ulikuwa mtaji unaoliwa.

Mambo matatu yaligeuza soko la Sanaa. La kwanza ni sheria. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa kipusa mwaka 1982, na Yemen iliyoungana ikajiunga na mkataba wa CITES mwaka 1997. La pili ni mifuko ya wanunuzi: mgogoro wa Ghuba wa 1990 uliwarudisha nyumbani mamia ya maelfu ya wafanyakazi. La tatu ni bidhaa mbadala. Pembe za nyati wa kufugwa kutoka India, mnyama anayechinjwa kwa nyama, zilishika sehemu kubwa ya soko la mipini.

Hapa ndipo penye somo. Sheria peke yake haikutosha, kwani magendo yaliendelea kwa miaka mingi baada ya 1982. Fundi aliacha kipusa kwa urahisi zaidi alipopata malighafi nyingine ya kumlisha, na mteja akaikubali. Leo vifaru weusi barani Afrika wamezidi 6,000, ingawa majangili bado wanawawinda kwa ajili ya masoko ya dawa na fahari huko Asia.

Kwa mfanyabiashara wa visu na vinyago hapa kwetu, suala la asili ya mpini si la huruma tu, ni la hasara pia. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 ilipopitishwa iliweka, kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Hakuna faida ya mpini inayolingana na hatari hiyo. Wala ukale si kinga: jambia la babu lenye kipusa haliwezi kuvushwa mpaka kiholela.

Kuna bidhaa za katikati. Meno ya kiboko, na mpingo tangu 2017, vimo katika orodha ya CITES ya bidhaa zinazodhibitiwa. Anayesafirisha nje aulize kwanza kibali kinachotakiwa kwa mzigo wake.

Ushauri wetu ni mfupi. Pembe na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na ngamia hutoka machinjioni kila siku. Nunua hapo, dai risiti, na mwambie mteja wazi mpini ni wa nini. Muuzaji anayeshindwa kutaja mnyama na mahali alipotoka, mwachie mzigo wake.