Beteri Kubwa Isihukumiwe Bure

Dereva wa motokaa ya haibridi, yaani ile iendeshwayo kwa petroli pamoja na umeme, huamka asubuhi akakuta taa za hatari zimewaka zote na gari halitaki kwenda. Jana lilikuwa zima. Fundi mwenye haraka humwambia, "Beteri kubwa imekufa," na maskini huyo huanza kutafuta mkopo.

Twasema angoje kwanza. Tutazame Toyota Prius za mwaka 2004 hadi 2009. Beteri yake kubwa ina volti 201.6, lakini haiwezi kujiamsha. Huamshwa na beteri ndogo ya volti 12, iliyofichwa nyuma, katika buti, upande wa kulia. Hiyo ndiyo ilishayo kompyuta, na ndiyo ifungayo swichi zipitishazo umeme mkubwa. Ikidhoofika, kompyuta hupayuka kama mgonjwa wa homa. Tena gari hili halina stata ya kawaida, hata mwenyewe asikie mlio wa kukokota apate kuonywa.

Basi chukua kipimo cha volti. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, beteri ndogo iliyo nzima huonyesha karibu 12.6, ikiwa chini ya 12, imeishiwa. Gari likiwaka, kipimo hakina budi kupanda karibu na 14. Kagua na vichwa vya nyaya, visiwe na kutu wala kulegea. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa, zaweza kuua.

Hayo yote yakiwa salama, hapo ndipo beteri kubwa ishtakiwe, nayo ishtakiwe kwa chombo cha kusomea makosa, si kwa kubahatisha.