Utangulizi: Maji Yanapochoka Njiani

Somo letu linaanzia mahali padogo: ndani ya gari-nyumba, lile gari la safari ambalo Wamarekani hulala, hupika na kuoga humo. Tangi limefichwa chini ya sakafu, na pampu ya volti 12 inategemea betri. Asubuhi mwenye gari anafungua bafu. Maji yanatoka kwa kishindo, kisha yanalegea yakawa kama uzi. Tangi limejaa, pampu inanguruma. Presha imekwenda wapi?

Imeliwa njiani. Kila kiwiko, kila valvu, kila chujio na ukuta wenyewe wa bomba hutoza ushuru wake, na ushuru huo ni msuguano. Karibu na mwaka 1840, Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba, na Gotthilf Hagen, mhandisi Mjerumani, walifikia kanuni ile ile kila mmoja kwa njia yake: maji yakipita kwa utulivu, ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu huku presha ikibaki vilevile, utapata sehemu moja tu ya 16 ya maji uliyokuwa ukipata. Mwaka 1857 Henry Darcy, aliyeufikishia mji wa Dijon maji ya chemchemi, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa hata ukwaruzo wa ukuta wa bomba una uzito wake.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, shika jambo moja: maji yaliyosimama hayalipi ushuru. Funga geji kwenye koki ya sinki, na koki nyingine zote zifungwe. Mshale utapanda hadi bar 3 hivi, hata kama chujio la pampu limejaa mchanga. Sasa fungua bafu. Mshale ukianguka, kizuizi kiko nyuma ya geji, upande wa pampu. Ukibaki juu na bafu bado linadondosha, tazama mbele: huenda chokaa imeziba matundu ya bafu.

Kanuni hizi zinaitawala pia nyumba yenye tangi juu ya paa, ambako kimo cha mita 10 hutoa takriban bar 1 tu. Basi nakusihi: usikimbilie kununua pampu kubwa. Pima kwanza, maji yakiwa yanatembea.