Lugha ya Takwimu na Ramani: Mifano ya Kibera na Kawangware

Utangulizi

Majedwali, chati na ramani huhesabiwa mara nyingi kuwa kazi ya mtakwimu na mchoraji, kana kwamba mtaalamu wa lugha hana la kusema juu yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kasoro ya dhana hiyo. Jedwali ni matini: lina kichwa, lina istilahi, lina mpangilio, na lina msomaji anayetarajiwa. Msomaji huyo asipoelewa, mara nyingi kosa limo katika maneno yanayozizunguka tarakimu, wala si katika tarakimu zenyewe. Mifano imechukuliwa Nairobi, katika mtaa wa Kibera na upande wa Kawangware iliko wadi ya Kabiro.

Jina na mpaka

Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba wakazi wa Kibera walifika milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikatoa idadi ya watu 170,070. Mabishano yaliyofuata yalihusu hesabu, lakini sehemu yake moja ilikuwa ya lugha: tarakimu zote mbili zilinukuliwa chini ya jina moja, "Kibera", pasipo kuelezwa mpaka wa jina hilo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Hilo ni eneo la utawala, ambalo si lazima lilingane na kile wenyeji wakiitacho Kibera. Hali kadhalika, Kawangware imo ndani ya kaunti ndogo ya Dagoretti, iliyohesabiwa watu 434,208. Mkazi wa Kabiro atafutaye hali ya mtaa wake hawezi kuiona katika tarakimu hiyo.

Kwa hiyo kichwa cha jedwali hakina budi kujibu maswali matatu: nani, wapi, lini. "Idadi ya Watu Kibera" ni kichwa pungufu. "Watu waliohesabiwa katika Kaunti Ndogo ya Kibra, Agosti 2019" ni kichwa kamili.

Ramani nayo ina sharti hilo hilo. Mnamo 2009 ilianzishwa kazi ya Map Kibera, ambapo vijana wa mtaa walitia njia, shule, zahanati na vyoo katika ramani huria ya OpenStreetMap, mahali palipokuwa karibu patupu. Majina kama Kianda, Gatwekera, Laini Saba na Silanga ndiyo ayatumiayo mkazi anapoelekeza mtu njia. Ramani isiyokuwa nayo haimsaidii, hata ikiwa vipimo vyake ni sahihi.

Tarakimu zinaposomwa kwa sauti

Takwimu nyingi humfikia mwananchi kwa sikio: redioni, mkutanini, au kwa kusomewa na jirani. Hapo Kiswahili kina utata wake. "Elfu sabini na mbili" yaweza kuwa 72,000 au 70,002. Utata huondoka msomaji atamkapo "sabini na mbili elfu" kwa ile ya kwanza, na "sabini elfu na mbili" kwa ile ya pili. Vivyo hivyo 170,070 husikika vyema kama "laki moja, sabini elfu, na sabini".

Saa zina hatari kubwa zaidi. Kibao cha kliniki kikiandikwa "2:00" tu, mmoja atasoma saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Tofauti ni ya saa sita, na mwenye kuibeba ni mama aliyeacha kibarua chake cha siku. Dawa yake ni neno moja: "saa 2 asubuhi".

Rangi na alama

Utepe wa kupimia mkono wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59 ni mfano wa usanifu uliofaulu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano; zaidi ya hapo ni kijani. Mzazi asiyejua desimali huona hatari mara moja. Hata hivyo, rangi hizo zikichapwa katika kijitabu, kisha kijitabu kikatolewa nakala nyeusi na nyeupe, maana yote hupotea. Yafaa neno liandikwe kando ya rangi: "Nyekundu: mpeleke mtoto kituo cha afya leo."

Kuhusu picha, Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi huko Vienna mwaka 1925, alishikilia kanuni ya kwamba wingi uonyeshwe kwa kurudia alama ya kimo kimoja, wala si kwa kuikuza. Mtungi uliochorwa mara mbili kwa urefu na kwa upana hulijaza jicho mara nne.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo haitimii kwa tarakimu zisizosomeka. Idara za Kiswahili zafaa kuingiza uandishi wa majedwali na ramani katika masomo ya matumizi ya lugha, na kila jedwali lipimwe kwa msomaji wa Kabiro kabla ya kupelekwa mtambuni: alisome, kisha aeleze kwa maneno yake limesema nini.