Kufundisha Tanzia: Makbeth na Luanda Magere

Mwalimu mwenzangu, ukifundisha tanzia ya Shakespeare hapa Maseno, usianzie Uingereza, anzia Kano. Wanafunzi wetu wanamjua Luanda Magere, shujaa wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mkewe, binti wa maadui, aligundua kuwa uhai wake umo kivulini, akaitoboa siri.

Kisha wafungulie Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Macbeth naye hujiona hashindiki, kwani ameambiwa kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Kinaya ni kuwa Macduff alitolewa tumboni mwa mamake kwa kupasuliwa. Anayejua habari za kivuli cha Magere hukishika kinaya hiki upesi.

Hata hivyo, jihadhari. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walihitimisha kwamba katika visa vyote viwili mwanamke ndiye wa kulaumiwa. Usiwakemee, warudishe kwenye matini. Waulize: wazo la kuua lilimjia Macbeth lini? Wataona lilimtikisa papo hapo aliposikia utabiri, kabla hajaonana na mkewe. Je, mauaji ya Banquo aliyapanga na mkewe? La, alimficha.

Magere alisalitiwa, Macbeth alijisaliti. Dosari ya nguli huyu imo moyoni mwake mwenyewe. Mwanafunzi akilithibitisha hilo kwa mifano kutoka tamthilia, atakuwa amehakiki, wala hakusimulia tu.