Nani Kasema Mtoto Huyu Kachelewa?

Kila Juni, katika shule za serikali za England, mtoto wa miaka mitano au sita huitwa kando na mwalimu wake na kuwekewa mbele yake maneno 40. Ishirini ni maneno ya kweli. Ishirini mengine hayana maana yoyote duniani. Yametungwa makusudi ili mtoto asibahatishe, na kando ya kila moja huchorwa dude la ajabu ili aelewe kwamba anasoma jina la dude hilo. Yote anatakiwa kuyatamka kwa kuunganisha sauti za herufi. Kipimo hiki kilianza 2012, hakimalizi hata robo saa, na asiyefikia alama iliyowekwa hukirudia mwaka unaofuata.

Wapo watoto wa rika hilohilo, wa mtaa huohuo, ambao Juni hupita bila kuitwa na mtu. Wazazi wao wamewatoa shule, au hawakuwapeleka kabisa, na sheria haiwazuii. Sheria ya Elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine, na upenyo huo wa njia nyingine umekuwemo tangu sheria ya 1944. Nyumbani hakuna mtaala wa lazima. Kufikia 2024 watoto waliokuwa wakisomeshwa nyumbani England walizidi 100,000. Si wote waliotolewa shule kwa sababu za kifalsafa. Wengi shule iliwashinda: hofu, msongo wa mawazo, uonevu, mahitaji maalumu yaliyokosa mtu wa kuyashughulikia.

Humo ndimo anamopatikana mtoto anayewatia kiwewe mabibi na maofisa wa elimu kwa pamoja. Ana miaka minane. Anazitaja sayari zote kwa mpangilio, anakushinda kwenye drafti, anakusimulia nyangumi anavyopumua. Kusoma, hajui. Si mgonjwa, wala si mjinga. Hajaanza tu, na wazazi wake wanakunywa chai yao bila wasiwasi.

Mwanasaikolojia Alan Thomas alikuwa miongoni mwa watafiti wa mwanzo kuwatazama watoto hawa kwa utulivu. Kitabu chake cha 1998 kilitokana na familia 100 za Australia na Uingereza. Baadaye alishirikiana na Harriet Pattison katika kitabu cha 2007 kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza nyumbani, na mwaka 2016 Pattison akatoa cha kwake, mahsusi juu ya kusoma. Picha inayojitokeza humo haina mstari ulionyooka. Yupo aliyesoma akiwa na miaka minne bila mtu kumfundisha, na yupo aliyevuka miaka kumi ndipo akaanza. Huyu aliingilia kwenye katuni, yule kwenye maelekezo ya mchezo wa kompyuta, mwingine kwa kusomewa hadithi ileile hadi akawa anaifuata kwa kidole. Na wengi wa waliochelewa, walipoanza, hawakupitia miaka ya vitabu vya kitoto. Walivuka haraka hadi vitabu vya rika lao.

Kabla yao Mmarekani John Holt alikuwa ameshalisema jambo hili kwa sauti kubwa. Holt alikuwa mwalimu wa darasani, na kitabu chake cha 1964 kuhusu kufeli kwa watoto kilieleza jinsi wanafunzi wanavyotumia akili zao nyingi kumsoma mwalimu usoni badala ya kusoma kilichoandikwa. Kwa miaka kadhaa alidhani shule zingerekebishika. Alipokata tamaa, mwaka 1977 akaanzisha huko Boston jarida la familia zisizopeleka watoto shule, na kurasa zake zikajaa barua za wazazi wakisimulia siku mtoto alipojisomea mwenyewe.

Kinachonivutia katika habari hizi ni swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha: amechelewa wapi? Shuleni kusoma si somo mojawapo tu, masomo mengine yote hupitia humo. Ukifika darasa la tatu, mwalimu wa sayansi anaandika ubaoni, wa maarifa ya jamii anasema fungueni ukurasa wa kumi na mbili, na hata hisabati imeanza kuja kwa maneno: Asha alinunua machungwa mangapi. Asiyejua kusoma hapo hajakosa somo moja, amekosa siku nzima. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Keith Stanovich aliipa hali hii jina kutoka Injili ya Mathayo, pale penye mwenye nacho kuongezewa. Anayesoma mapema husoma zaidi, akipata maneno na maarifa mapya, na kwa hayo husoma vizuri zaidi. Aliyebaki nyuma anakosa vyote hivyo, na juu yake anaongezewa aibu mbele ya wenzake.

Nyumbani mambo hayaendi hivyo, walau katika nyumba yenye mtu wa kumsomea mtoto. Anayetaka kujua pomboo analalaje humuuliza mama, mama akafungua kitabu wakasoma pamoja. Maarifa hayasubiri herufi. Msamiati unakua, kumbukumbu inakua, hamu ya hadithi inakua. Siku anapoanza kuunganisha herufi akiwa na miaka tisa au kumi, analikuta neno analolijua kwa maana na matamshi; lililobaki ni kulitambua sura. Ndiyo maana mbio zake huwa kali. Muujiza haumo. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu, wakati mtoto wa shuleni aliyekwama hupungukiwa na vitano kwa mpigo.

Hata hivyo, wapenzi wa elimu ya nyumbani hapa huwa wanateleza. Familia zinazokubali kuhojiwa na watafiti ni zile zilizojichagua. Mzazi ambaye kijana wake ana miaka kumi na minne na bado anababaika kwenye kibao cha barabarani hana haraka ya kujaza dodoso. Pia ubongo haukuumbwa na kiungo cha kusomea. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano hivi, na Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza kwa kirefu jinsi kila mtoto anavyolazimika kuazima sehemu za ubongo zilizokuwa na kazi nyingine. Jopo la wataalamu lililoundwa Marekani, katika ripoti yake ya 2000, liliona kwamba kufundishwa sauti za herufi kwa utaratibu kunawasaidia watoto, hasa wale wenye kutatizika. Mwenye disleksia hasaidiwi kwa kungojewa. Mtoto wa miaka saba asiyesikia kwamba baba na bata yanaanza kwa sauti moja, anayefinya macho kila akishika kitabu, au ambaye baba na mjomba wake nao walihangaika na kusoma, apelekwe akapimwe macho na masikio, na atafutiwe mtu wa kumfundisha hatua kwa hatua. Kusema atasoma akiwa tayari ni uvivu kama mzazi hajawahi kuketi akamsikiliza.

Kuanza akiwa na miaka saba badala ya mitano, kwa upande mwingine, peke yake hakuonekani kumdhuru mtoto. Ufini watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba. Sebastian Suggate, akifanya utafiti Nyuzilandi, aliwalinganisha watoto wa shule za Steiner, wanaoanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka saba, na wenzao walioanza wakiwa na mitano. Walipofika miaka kumi au kumi na moja, waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao.

Sehemu ya hofu ya Waingereza inatokana na lugha yao yenyewe. Kiingereza kinaandikwa kivyake na kutamkwa kivyake. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya: mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Ufini walisoma sawasawa karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, asilimia 98, ilhali watoto wa Uskochi, kwa Kiingereza, asilimia 34. Kwa Kiswahili tuko karibu zaidi na Ufini. Irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi zinazoishia kwa irabu. Mtoto akishika ba be bi bo bu, baada ya majuma ataweza kutamka hata gazeti asilolielewa. Vikwazo vipo, kama ng' ya ng'ombe na m inayosimama peke yake katika mtu, lakini havimkwamishi mtu miaka mitatu.

Sasa hili ndilo linalouma. Pamoja na urahisi huo, vipimo vya mpango wa Uwezo vilivyofanywa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2010 vilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Tanzania ikaleta mtaala wa KKK mwaka 2015, madarasa mawili ya mwanzo yakaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Herufi zetu hazina lawama. Darasa la watoto mia linakwenda kwa mwendo mmoja, na aliyeumwa malaria juma la silabi za nd na nj harudishiwi juma lile.

Wakati huohuo, mita chache kutoka shule za namna hiyo, pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa, kuna mahali ambapo mwendo ni wa mtoto. Ingia chuo cha Kurani alasiri. Wamekaa mkekani wa miaka mitano na wa miaka kumi na mitatu pamoja, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja mahali pake. Mwalimu anamwita mmojammoja amsikilize. Aliyeweza anaendelea, aliyekwama anarudia palepale kesho, na mkubwa aliyemaliza Juzuu ya Amma anamsikiliza mdogo anayeanza alifu. Hakuna darasa la kurudia, maana hakuna darasa. Anayehitimu kwa miaka mitatu na anayehitimu kwa saba wote wamehitimu. Sijasahau fimbo, wala kwamba wengi husoma Kiarabu wasichokielewa. Na hilo la pili ni pengo kubwa. Lakini wapo bibi wengi wa pwani ambao hawakuonja shule ya serikali na walioandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizozipatia kwenye mkeka kama huo. Sijui kwa nini tunapozungumzia kila mtoto kwa kasi yake tunakimbilia Boston.

Kisheria, kuiga familia za England hapa kwetu si jambo jepesi. Sheria ya Elimu ya 1978 ya Tanzania inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule. Ya Kenya ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na familia zinazosomesha nyumbani zimeishi katika utata huo. Baadhi yao hutumia vijitabu vya ACE, mtaala wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970, ambamo mtoto humaliza kijitabu kimoja kabla ya kupewa kinachofuata, bila kuwangoja wenzake. Mwendo ni wa mtoto, ila njia imechorwa na wengine hadi nukta ya mwisho.

England nayo inabana. Muswada uliopelekwa Bungeni Desemba 2024 ulitaka kila mamlaka ya eneo iwe na daftari la watoto wasio shuleni. Makundi ya wazazi yalipinga, yakihofia kwamba ofisa atakayekuja na daftari atakuja pia na yale maneno 40. Daftari lenyewe naliunga mkono, kwa kuwa kuna watoto wanaofichwa majumbani kwa sababu zisizohusiana na elimu. Ila ofisa akimkuta mtoto wa miaka minane asiyesoma, aulize kwanza nani humsomea, mara ngapi kwa juma, na kitabu gani kimemalizwa karibuni. Akijibiwa kwa kusitasita, hapo ndipo aketi.