Miezi Sita Haina Uzito Mmoja kwa Kila Mfungwa

Hakimu anapomhukumu mtu kifungo cha miezi sita, anachomnyima ni uhuru wake. Hamhukumu kushindwa kufika chooni, wala kulala sakafuni bila uwezo wa kujigeuza, wala kukaa miezi yote hiyo bila mtu hata mmoja wa kuelewana naye. Lakini mkosaji akiwa ni mtu mwenye ulemavu, mateso hayo huandamana na kifungo ingawa hayakuandikwa popote katika hukumu. Ndiyo maana naamini kwamba kwake yeye gereza linapaswa kuwa adhabu ya mwisho kabisa, itumike pale tu ambapo jamii haiwezi kulindwa kwa njia nyingine, tena baada ya hakimu kuthibitishiwa kwamba gereza analompeleka lina uwezo wa kumpokea. Suala hili lina uzito wa pekee kusini-magharibi mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika mji wa Mbarara ulio jirani.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda. Leo ina wakimbizi zaidi ya 150,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Watu waliokimbia vita hubeba vita mwilini: wako waliopoteza viungo, waliopoteza macho au masikio, na ambao akili zao hazijatulia tangu siku walipokimbia. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilikuta kwamba asilimia 12.4 ya watu wenye umri wa miaka miwili na zaidi walikuwa na ulemavu wa aina fulani, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kambini hali ni nafuu kuliko vijijini. Mkimbizi yuko chini ya sheria za Uganda kama raia. Ugomvi mdogo humalizwa na viongozi wa baraza la ustawi wa wakimbizi (RWC), lakini wizi, kujeruhi na makosa makubwa zaidi hupelekwa polisi na kisha mahakamani. Tangu mwaka 2013 mahakama tembezi imekuwa ikifanya vikao Nakivale kwenyewe, ili washtakiwa, walalamikaji na mashahidi wasihangaike na safari ndefu. Hiyo ni hatua njema. Ila mahakama inaweza kutembea. Gereza haliwezi, na anayefungwa huacha nyuma ndugu na majirani waliokuwa wakimshika mkono kila siku.

Huko anakokwenda hakukujengwa kwa ajili yake. Magereza ya Uganda yana wafungwa na mahabusu zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, na karibu nusu yao kesi zao hazijaamuliwa. Katika chumba kilichojaa hivyo watu hulala ubavu kwa ubavu, hivyo asiyeona hana njia ya kupita na asiyetembea hana pa kuegemeza magongo yake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2011 ilieleza jinsi wafungwa, wakiwamo wagonjwa, walivyolazimishwa kulima mashambani na kupigwa walipoonekana wazembe. Mtu mwenye ualbino akilazimishwa kushinda juani kwenye shamba la namna hiyo, kifungo chake kinaweza kumalizika na saratani ya ngozi ikabaki. Kiziwi naye ana kifungo ndani ya kifungo. Lugha ya Alama ya Uganda si lugha ya alama aliyokua nayo kiziwi wa Bukavu au Mogadishu, na wako wasiojua lugha ya alama yoyote isipokuwa ishara za nyumbani kwao. Amri ya askari asiyoisikia huonekana ni ukaidi, na ukaidi gerezani huadhibiwa.

Tusidhani kwamba tatizo ni umaskini wa Afrika peke yake. Mnamo 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Adele Price, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa na ulemavu wa mikono yote miwili na miguu yote miwili, ambaye alikuwa amefungwa siku chache kwa kosa la kuidharau mahakama. Hakuweza kutumia kitanda, akalala katika kiti chake cha magurudumu huku baridi ikimuumiza. Majaji walisema kwamba hapakuwa na nia ya kumdhalilisha, lakini kumweka katika mazingira yale kulikuwa tendo la kudhalilisha lililokatazwa na sheria. Ikiwa siku chache katika nchi tajiri zilifikia kiwango hicho, miezi sita katika gereza lililofurika inahitaji sababu nzito sana.

Kwa wenye maradhi ya akili Uganda imekwisha pata funzo lake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Fort Portal ilishughulikia shauri la mtu ambaye mahakama ilikwisha kumwona hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili, lakini akabaki gerezani miaka mingi akisubiri amri ya waziri. Jaji Batema aliamua kwamba utaratibu huo wa kusubiri waziri unakiuka katiba. Aliyehitaji tiba alipewa kufuli, na kufuli halitibu.

Njia nyingine ipo, na ni ya kisheria. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inamruhusu hakimu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo akiwa anaishi nyumbani. Kasoro iko katika utekelezaji. Kama kazi pekee inayofikiriwa ni kufyeka nyasi na kusomba maji, mwenye mkono mmoja ataonekana hafai adhabu nafuu na atapelekwa kwenye adhabu kali, kwa sababu ya mwili wake wala si kwa sababu ya kosa lake. Kituo cha afya, shule na ofisi za Nakivale zina kazi nyingi za kukaa: kupanga mafaili, kushona, kutafsiri, kuelekeza wagonjwa. Mkosaji huyo atalipa deni lake mbele ya watu aliowakosea.

Wapo watakaosema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, hivyo asipendelewe mtu. Lakini usawa wa adhabu hupimwa kwa uzito unaomfikia anayeadhibiwa, na hesabu ya miezi peke yake haitoshi. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 14 inataka mfungwa mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 zinasema hivyo hivyo. Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu ni ya waathirika wa uhalifu, ambao baadhi yao pia wana ulemavu. Aliyebaka au kuua asiachiwe kwa kuwa anatembelea magongo. Mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili, na kuwajibika kwa tendo lake ni sehemu ya utu huo. Huyo afungwe, lakini afungwe mahali penye choo anachokifikia, dawa zake na mtu wa kuwasiliana naye. Wengine wanahofia udanganyifu, au wahalifu kuwatumia walemavu kama ngao. Udanganyifu unazibwa na uchunguzi wa daktari, na Mbarara ina hospitali ya rufaa ya mkoa; anayemtuma mwenziwe kuiba ndiye astahiliye kifungo kirefu zaidi. Hofu kwamba mkimbizi atatoroka nayo inapungua tukikumbuka kwamba ameandikishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu na anajulikana anakoishi. Na serikali ikisema haina fedha za kurekebisha magereza, hiyo ni sababu ya kumweka nje mkosaji asiye hatari, maana mfungwa aliye ndani hulishwa na kulindwa kwa fedha hizo hizo.

Basi kila hakimu wa Isingiro na Mbarara aulize maswali matatu kabla ya kutia saini hati ya kifungo: mtu huyu ni hatari kwa wengine? Ipo kazi ya jamii anayoiweza? Gereza limethibitisha kwa maandishi kwamba litampokea bila kumvunjia utu? Viongozi wa RWC na wanasheria wa msaada waseme habari za ulemavu tangu siku ya kwanza polisi, wasingoje siku ya hukumu. Na pale ambapo swali la mwisho halina jibu, kifungo hicho kinazidi kosa, na mahakama haina haki ya kukitoa.