Spika Inayocheza Bila Sauti

Leo twajibu barua ya msikilizaji wa Masukulu, wilaya ya Rungwe. Alirithi kwa baba yake gramafoni ya umeme na sanduku la santuri. Akizipiga, karatasi ya spika kubwa, ile ya sauti nzito, hutoka na kuingia polepole kama kifua cha mtu aliyelala, wala hakuna sauti inayolingana na mwendo huo. Fundi amemwambia spika imekufa, anunue nyingine. Asinunue kwanza.

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia kama mara 20 kwa sekunde. Chini ya hapo spika hucheza, lakini sikio halisikii kitu. Mwendo huo hula bure nguvu ya amplifaya, huchafua nyimbo, na ukizidi huweza kuiharibu spika yenyewe. Mwendo mdogo si neno. Ule unaoonekana kutoka upande wa pili wa chumba ndio wa kushughulikia.

Basi, inueni mkono wa sindano, sauti ibaki palepale. Spika ikiendelea kucheza, kosa limo katika amplifaya, na hapo fundi ana kazi. Ikitulia, songeni mbele.

Sasa zimeni mota. Teremsheni sindano taratibu juu ya santuri iliyosimama, kisha ongezeni sauti kidogo kidogo. Spika ikianza kunguruma, punguzeni upesi! Mtetemo unatoka kwenye spika, unapita mezani au sakafuni, unaifikia sindano, na kurudi katika spika ukiwa mkubwa zaidi. Ndivyo inavyokuwa vyombo vyote viwili vikikaa juu ya kabati moja, au sakafu ikiwa ya mbao. Tengeni spika, na gramafoni ikae juu ya rafu iliyofungwa imara kwenye ukuta wa matofali.

Kama hapakuwa na mngurumo, itazameni santuri. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Spika ikisukumwa mara moja kwa kila mzunguko, santuri imepinda. Inameni macho yawe sawa na sahani, mtaiona ikipanda na kushuka. Kwenye spika mbili za stereo, mara nyingi hii hutoka wakati ile inaingia, kwa sababu sindano inayokwenda juu na chini hupeleka mwendo wa kinyume katika spika hizo. Amplifaya ikiwa na kibonye cha mono, kibonyezeni: sehemu kubwa ya mwendo huo hufutika, ingawa utamu wa stereo nao hupotea. Nyingine zina kibonye cha kuchuja mitetemo ya chini. Hicho ni bora, maana hakigusi wimbo.

Santuri hupinda kwa joto na kwa kulaliana. Zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua.

Ikiwa santuri ni nyoofu na spika bado yatetemeka ovyo, huenda mkono ni mzito mno kwa kichwa cha sindano kilichofungwa. Jaribuni kichwa cha aina nyingine.

Msikilizaji wetu aanze na kabati. Barua yake yasema vyote vimekaa juu ya kabati moja, kama baba yake alivyoviacha. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuosha santuri zilizoota ukungu.